Je, Wajua? Profesa, Vishikwambi na Kina Mama wa Vijiji vya Handeni na Korogwe

Je, wajua kwamba hatima ya mashindano yenye zawadi za dola milioni 15 za Kimarekani iliwahi kuamuliwa na watoto wa vijijini Tanga, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga darasa?

Kuelekea mwisho wa 2017 vishikwambi vilianza kugawiwa katika vijiji vya Handeni, Korogwe, Lushoto, Muheza, Mkinga na Pangani. Jaribio lilihusu vijiji vipatavyo 170 na watoto karibu 3,000, wengi wa umri wa kati ya miaka saba na kumi na moja. Lilikuwa kilele cha mashindano yaliyoitwa Global Learning XPRIZE, yaliyotangazwa Septemba 2014. Mfadhili alikuwa Elon Musk, yule tajiri wa magari ya umeme na roketi. Washindani walitakiwa kutengeneza programu ambayo mtoto, akiachiwa yeye na kifaa tu, angejifunza Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, ndani ya miezi 15. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali ya Tanzania zilibeba kazi ya uwanjani, na Google ikatoa vishikwambi.

Timu karibu 200 zilijiandikisha. Zikachujwa hadi 11, kisha tano, na kila moja ya hizo tano ikapewa dola milioni moja. Dola milioni 10 zilizobaki zilimngoja mshindi. Waliofika fainali walikuwa CCI ya New York, Chimple ya Bangalore, Kitkit School ya Berkeley na Seoul, onebillion ya London, na RoboTutor ya Pittsburgh. Nne za kwanza zilikuwa kampuni au mashirika. Ya tano ilitoka chuo kikuu, na kiongozi wake alikuwa profesa ambaye wakati huo alikuwa ameshatumia robo karne kwenye swali moja tu: kompyuta itawezaje kumsikiliza mtoto anayesoma kwa sauti?

Je, wajua kwamba swali hilo alianza kulifanyia kazi miaka miwili kabla Tanzania Bara haijawa na kituo cha televisheni?

Jack Mostow alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Harvard, akapata udaktari wa sayansi ya kompyuta Carnegie Mellon, Pittsburgh, mwaka 1981, akafundisha na kutafiti California na New Jersey, kisha mwaka 1992 akarudi Carnegie Mellon na kuanzisha mradi wa LISTEN. Huku kwetu Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilibidi isubiri hadi 1994. Natoa mfano huo kwa sababu tukisikia leo habari za akili mnemba tunadhani mambo yote yalianza juzi.

Pale Pittsburgh alikuta hazina. Carnegie Mellon ndiko ulikozaliwa Sphinx, mfumo wa kutambua usemi uliotokana na kazi ya udaktari ya Kai-Fu Lee miaka ya 1980. Wenzake wengi walitaka mfumo kama huo umsikilize mtu mzima ofisini akiamuru barua iandikwe. Mostow alitaka umsikilize mtoto wa darasa la kwanza au la pili. Ni kazi ngumu zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa sauti ya mtoto ni nyembamba na mtoto anayeanza kusoma husitasita, hurudia silabi, huruka neno, hukohoa, humuuliza jirani yake jambo katikati ya sentensi.

Ufumbuzi wake ulikuwa wa akili sana. Mashine haikulazimika kukisia mtoto anasema nini kati ya maelfu ya maneno ya lugha, maana sentensi ilikuwa tayari kwenye kioo na mashine iliijua. Ilichofanya ni kulinganisha sauti iliyosikika na neno lililotarajiwa, pamoja na makosa ambayo msomaji mchanga huelekea kuyafanya mahali pale. Mtoto akikwama, inamsomea neno hilo, au inamkatia silabi, au inamrudisha mwanzo wa sentensi ili apate mwendo. Makala ya Mostow na wenzake iliyoeleza mashine hiyo ilipata tuzo katika mkutano mkuu wa akili mnemba wa Marekani mwaka 1994.

Mimi hupenda zaidi mambo mawili madogo katika kazi hiyo. Kwanza, watafiti waliirekebisha mashine makusudi iwe mpole. Afadhali iache kosa lipite kuliko kumwambia mtoto aliyesoma sawasawa kwamba amekosea. Matokeo yake makosa mengi hayakukamatwa, na hawakuona haya kulisema hilo katika maandishi yao. Walimu wetu wa zamani wenye fimbo mkononi wangeshangaa. Pili, mtoto na mashine walipokezana kuchagua hadithi. Mtoto akiachiwa achague kila siku, atarudia ile fupi anayoijua kwa moyo hadi mwisho wa muhula. Mashine ikichagua peke yake, mtoto anachoka. Kwa hiyo leo zamu yako, kesho zamu yangu.

Je, wajua kwamba kabla ya kufika Tanga, msomeshaji huyo wa kompyuta alipita Ghana?

Katikati ya miaka ya 2000 kikundi cha TechBridgeWorld cha Carnegie Mellon, kilichoanzishwa na M. Bernardine Dias, kiliipeleka programu ya LISTEN kwa watoto wa Accra katika mradi ulioitwa Kané. Aliyekuwa mstari wa mbele ni Ayorkor Mills-Tettey, Mghana aliyekuwa akisomea udaktari wa roboti Pittsburgh. Baadaye alirudi nyumbani kufundisha katika Chuo Kikuu cha Ashesi, ambako anajulikana kwa jina la Ayorkor Korsah. Lugha iliyofundishwa kule ilikuwa Kiingereza, na watoto walitoka shule za hali tofauti, nyingine duni kabisa.

Safari ile ilikuwa na funzo moja kubwa kwa yeyote anayetaka kupeleka teknolojia kwa wanyonge. Programu iliyotengenezwa kwa mtoto wa Pennsylvania hudhani mengi kimyakimya. Hudhani kwamba mtoto ameshawahi kushika kipanya, anazijua hadithi za theluji, na husikia lafudhi ya Kimarekani bila taabu. Tofauti iliyopo kati ya mashine ya LISTEN na RoboTutor inaonyesha kwamba funzo lile lilizingatiwa. RoboTutor ilijengwa upya kwa ajili ya kishikwambi, mtoto anagusa kioo kwa kidole, na inasema naye Kiswahili.

Je, wajua kwamba kwa upande wa kusoma, mtoto wa Handeni ana bahati kuliko mtoto wa London?

Mwaka 2003 Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wanaojifunza kusoma katika lugha mbalimbali za Ulaya. Watoto wa Kifini, Kihispania na lugha nyingine ambazo herufi na sauti huenda pamoja walishika misingi ya kusoma mwaka wa kwanza wa shule. Wa Kiingereza walikwenda kwa mwendo wa zaidi ya mara mbili polepole. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti ule, lakini anayejua kusoma Kiswahili hahitaji kuambiwa kinaangukia kundi gani. Ukishajua *ba be bi bo bu*, na ukaelewa *ng'* na *dh*, unaweza kutamka neno lolote hata kama hujui maana yake.

Urahisi huo una historia. Tahajia tunayotumia ilisanifiwa chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wakoloni walikuwa na sababu zao za utawala, lakini mtoto wa leo ndiye anayefaidi.

Hata hivyo bahati hiyo ina mpaka. Handeni nyumbani ni Kizigua, na kwa wafugaji ni Kimaasai. Korogwe ni Kizigua, Kisambaa na Kibondei, kutegemea uko upande gani wa Mto Pangani na umepanda mlima kiasi gani. Mtoto asiyekwenda shule hukosa vilevile mahali pa kuzoea Kiswahili cha vitabuni. Kwa mtoto kama huyo kishikwambi kilikuwa kinafundisha kusoma na kuzoeza lugha kwa wakati mmoja.

 

Je, wajua kwamba wazo la kumwachia mtoto kifaa bila mwalimu lilishajaribiwa Ethiopia kabla ya kufika Tanga?

Mwaka 2012 shirika la One Laptop per Child, la Nicholas Negroponte, lilipeleka maboksi ya vishikwambi katika vijiji viwili vya Oromia ambako watoto hawakuwa na shule. Hawakupewa maelezo yoyote. Negroponte alisimulia kwamba baada ya dakika nne mtoto mmoja alikuwa ameshafungua boksi na kupata kitufe cha kuwashia, ndani ya siku tano kila mtoto alikuwa akitumia programu 47 kwa siku, na baada ya miezi mitano walikuwa wamegundua namna ya kuifungulia kamera iliyokuwa imefungwa. Simulizi hiyo ilizunguka dunia nzima. Miongoni mwa waliokuwa katika uongozi wa shirika lile alikuwa Matt Keller, ambaye baadaye ndiye aliyesimamia mashindano yaliyoletwa Tanga.

Msomaji atakuwa ameona tatizo. Kuwasha kamera ni werevu, lakini mtu anaweza kuwa mwerevu wa simu na asijue kusoma herufi moja, na mitaani kwetu mifano ipo. Ndiyo maana Tanga watoto walipimwa kusoma na kuhesabu kwa vipimo vinavyotambulika kimataifa, mwanzo na mwisho.

Je, wajua kwamba "bila mwalimu" hakukuwa na maana ya "bila mtu"?

Hapa ndipo naona sifa zimepelekwa kwa wasiostahili peke yao. Magazeti ya nje yaliandika sana juu ya programu na wahandisi. Katika kila kijiji kilichopewa vishikwambi, kiliwekwa kituo cha kuchaji kwa umeme wa jua, na akachaguliwa mama wa kijiji wa kukisimamia. Yeye ndiye aliyehakikisha vifaa vinachajiwa na kutunzwa, na mtoto anajua aende kwa nani kifaa kikileta shida. Hakutakiwa kufundisha. Alitakiwa tu kuwapo.

Aliyekulia kijijini atajua kwamba kuwapo huko si kazi ndogo. Kifaa kimoja cha aina hiyo, Pixel C, kiliuzwa dukani kwa karibu dola 500. Kukiweka mkononi mwa mtoto wa miaka minane katika kaya ambayo haina hata redio ni kuileta mali ambayo mjomba anaweza kuitamani, kaka anaweza kuiuza Segera, na baba anaweza kuona inamharibia mchungaji wa mbuzi. Mtu wa kusema "hiki ni cha mtoto, kiacheni" lazima awe anaheshimika na awe anaishi palepale. Hakuna mhandisi wa Pittsburgh au London anayeweza kuliandika hilo katika programu.

Na kichekesho: Pixel C iliondolewa sokoni mwishoni mwa Desemba 2017, wakati watoto wa Tanga ndio kwanza wanaizoea.

Je, wajua kwamba wilaya ya Korogwe imekuwa ikizalisha umeme tangu 1964?

Kituo cha Hale, kwenye Mto Pangani, kina uwezo wa megawati 21 na kiko kwenye gridi tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Nguzo zake kubwa hupita juu ya mashamba ya mkonge kuelekea mjini. Lakini vijiji vingi vilivyokuwa chini ya nyaya hizo vilikaa gizani miongo mingi, na wakati wa jaribio paneli za sola ndizo zilizoleta chaji. Jambo hilo si la Korogwe pekee. Waya wa msongo mkubwa haushushi umeme kijijini mpaka ijengwe transfoma na laini ndogo, na hiyo ndiyo gharama iliyokuwa ikikwepwa.

Korogwe pia si mgeni wa majaribio yanayotazamwa na dunia. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilichoko hapo kilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto Oktoba 2021. Mzazi wa Korogwe aliyeshakutana na karatasi za ridhaa za watafiti wa malaria asingekuwa mgeni kabisa kwa maswali ya watafiti wa vishikwambi.

Je, wajua mtoto asiyejua kusoma anaingiaje kwenye programu inayotaka jina lake?

Kwa mtu mzima, kuandika jina na neno la siri si lolote. Kwa mtoto asiyejua herufi, mlango umefungwa kabla hajaanza somo. RoboTutor ilitatua hilo kwa sura: mtoto anajirekodi video fupi akitaja jina lake, na siku nyingine anajitafuta kati ya sura za wenzake na kugusa ya kwake. Kila zoezi nalo lilionyeshwa kwa mfano kwanza, kwa kuwa maelezo ya maandishi yasingemfaa mtu. Sehemu ya hadithi zake zilitokana na mkusanyiko wa African Storybook wa Afrika Kusini, ambao hadithi zake zinaruhusiwa kunakiliwa na kutafsiriwa bure, na wahusika wake ni watu na wanyama ambao mtoto wa huku hahitaji kuelezewa.

Ukitazama mlolongo huu wote, kuanzia mashine iliyokuwa mpole kwa makosa ya mtoto wa Pittsburgh hadi mlango wa sura, utaona kwamba Mostow amekuwa akifanya jambo lilelile kwa miaka yote. Anaondoa kitu kimoja baada ya kingine ambacho mtu aliyeelimika hakioni kama kikwazo. Mwaka 2010 wenzake wa fani ya akili mnemba katika elimu walimchagua kuwa rais wa jumuiya yao ya kimataifa.

Je, wajua kwamba Mostow hakushinda?

Mei 15, 2019, Los Angeles, washindi walitangazwa kuwa wawili, Kitkit School na onebillion, na wakagawana dola milioni 10 nusu kwa nusu. Kitkit School ilianzishwa na Sooinn Lee na mumewe Gunho Lee, wabunifu wa michezo ya kompyuta ambao waliingia kwenye elimu baada ya kupata mtoto mwenye mahitaji maalumu. Onebillion ya Andrew Ashe na Jamie Stuart ilikuwa imeshafanya kazi miaka kadhaa Malawi, ambako Nicola Pitchford, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Nottingham, alikuwa amepima programu zao za hesabu katika shule moja ya Lilongwe na kukuta watoto wamesonga mbele baada ya wiki nane tu.

Takwimu za Tanga zilizotangazwa siku ile zinastahili kusomwa polepole. Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto waliripotiwa kuwa hawajawahi kwenda shule, asilimia 80 hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya hao wa mwisho ilipungua kwa nusu.

Kuna njia mbili za kuyatazama matokeo hayo, na zote ni za kweli. Watoto ambao mfumo ulikuwa umewasahau, wakiwa na kifaa, jua na mama mmoja wa kijiji, walisoma maneno, na wengine sentensi. Hilo si dogo. Na bado karibu nusu ya watoto, baada ya mwaka na robo wa programu bora kuliko zote zilizopatikana duniani, hawakuweza kusoma neno moja. Waandaaji walipenda kulisema la kwanza. Mwalimu wa darasa la kwanza kule Kwamsisi au Magoma, mwenye wanafunzi wengi kuliko madawati, ana haki ya kuuliza juu ya la pili.

Je, wajua kwamba Tanzania ilishawahi kutumia teknolojia ya habari kuwafikia watu milioni mbili kwa wakati mmoja, bila kishikwambi hata kimoja?

Mwaka 1973 ilikuwa redio. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza matangazo, kusoma kijitabu na kujadili, chini ya viongozi wa vikundi takriban 75,000 waliopewa mafunzo. Baada ya kujadili walitakiwa kutenda, na vyoo vinavyokadiriwa kufikia 750,000 vilichimbwa. Aliyeyaandika hayo kwa undani ni Budd Hall, mtafiti wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuja nchini kijana na akaondoka na wazo lililoijenga kazi yake yote ya baadaye huko Kanada: kwamba utafiti ufanywe pamoja na watu, usifanywe juu yao. Mwenzake Yusuf Kassam, mwalimu na mshairi, alikwenda kuwarekodi watu wazima waliotoka kujifunza kusoma na kuzichapisha sauti zao katika kitabu mwaka 1979.

Kampeni za kisomo cha watu wazima za enzi hizo ziliwahi kupunguza ujinga wa kusoma na kuandika, kwa takwimu za serikali, kutoka karibu asilimia 67 wakati wa Azimio la Arusha hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Vijana wengi wa leo hawazijui takwimu hizo. Wanadhani kuelimisha umma kwa mtambo kulianza na simu janja.

Redio ya 1973 ilikuwa na kasoro ambayo mashine ya Mostow haikuwa nayo: ilisema tu, haikusikia. Kikundi kilichosikiliza vibaya hakikujulikana mpaka mtu afike. Lakini kilikuwa na kitu ambacho mtoto mwenye kishikwambi cha peke yake hakuwa nacho, nacho ni watu wa kubishana nao.

Je, wajua kwamba kusini kidogo ya Handeni, Bagamoyo, wakulima waliwahi kugeuza mambo kichwa chini miguu juu?

Mwaka 2011 Eugenio Tisselli, mtaalamu wa programu na msanii kutoka Mexico, alianza kazi na wakulima kumi karibu na kituo cha utafiti wa kilimo cha Chambezi. Mradi uliitwa Sauti ya Wakulima. Walikuwa na simu janja mbili tu za kupokezana. Kwa simu hizo walipiga picha za mazao yao, magonjwa, visima vilivyokauka, wakarekodi maelezo kwa sauti zao, na vyote vikaingia kwenye hifadhi iliyo mtandaoni. Kisha walikutana kila wiki kuyatazama na kuyajadili. Haikupita muda wakaanza kuwahoji wakulima wengine: wewe mbegu hii umeipandaje, mdudu huyu umemwondoaje?

Ulinganifu na Tanga unavutia. Huku profesa aliifundisha mashine kumsikiliza mtoto. Kule mtaalamu aliwapa watu mashine, akanyamaza, wakaanza kusikilizana wenyewe. Mimi naona njia ya pili inadumu zaidi kwa wakulima na ya kwanza inafaa zaidi kwa mtoto anayetafuta herufi, na sioni sababu ya kuzipiganisha.

Je, wajua vifaa na programu vilikwendaje baada ya sherehe?

Malawi ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Serikali yake, pamoja na shirika la Imagine Worldwide, ilianzisha mpango wa kuingiza vishikwambi vyenye programu ya onebillion katika shule za msingi za nchi nzima, kwa Kichewa na Kiingereza, ndani ya ratiba ya shule na chini ya macho ya walimu. Ile ndoto ya kifaa bila mwalimu imeachwa kimyakimya. Tanzania nayo ilipata vishikwambi vingi kwa mlango mwingine kabisa: vilivyonunuliwa kwa ajili ya sensa ya Agosti 2022, zaidi ya 200,000, viligawiwa kwa walimu baada ya makarani kumaliza kuhesabu watu.

Sharti moja la mashindano yale halikuandikwa sana magazetini. Timu zote tano zilizofika fainali zililazimika kuachia programu zao huria, msimbo na masomo kwa pamoja, ili mtu yeyote aweze kuzinakili, kuzibadili na kuzitumia bila kuomba ruhusa wala kulipa. RoboTutor imo. Kwa hiyo kijana wa Handeni mwenye kompyuta ya kawaida na uvumilivu anaweza leo kuipakua, kuingiza hadithi alizosimuliwa na bibi yake, na kurekodi silabi zote kwa sauti ya dada yake. Na hakuna kipengele cha leseni kinachomzuia kuanza na Kizigua.